Kukaa Karibu na Kitanda cha Mgonjwa

Leo tunataka kuwasimulia maisha ya mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Marekani. Lakini tuanze kwanza na kosa letu wenyewe, kwani bila kosa lile tusingalimtafuta mwalimu yule, wala tusingalimwelewa.

Tulikuwa hatujatimiza miaka miwili katika kazi ya ukatekista. Seminari tulikuwa tumeiacha bila kufika altareni, kwa shauri la wakubwa wetu na la moyo wetu wenyewe. Padri mkuu wa parokia alitupa kazi mbili: kufundisha wakatekumeni, na kuwatembelea wagonjwa hospitalini kila Alhamisi baada ya adhuhuri. Kazi ya kwanza tuliiweza. Ya pili tulidhani tunaiweza.

Alhamisi moja tulimkuta mama wa shirika letu ameketi chini, karibu na kitanda cha mtoto wake wa miaka minne. Malaria ilikuwa imemla mtoto damu, viganja vyake vimekuwa vyeupe. Baba alikuwa amekwenda kutafuta ndugu wa kutoa damu. Mganga alipita, akatazama, akaandika kidogo, akaenda zake bila kusema neno. Ndipo mama akatugeukia: «Mwalimu, wewe umesoma. Mtoto wangu atapona?»

Tukajibu: «Atapona, mama. Mungu amekwisha kusikia. Jumapili utamleta kanisani.» Tukasali Salamu Maria moja, tukaondoka upesi. Na tuseme kweli: tuliogopa kukaa.

Mtoto akafa usiku wa kuamkia Jumamosi. Tulipofika kwenye kilio, mama hakutupigia kelele. Alitutazama tu, akasema: «Kesho ndiyo Jumapili, Mwalimu.»

Hayo yangetosha kutuaibisha. Lakini kulikuwa na jambo baya zaidi. Wazee wa jamaa walianza kusema: «Mtu wa Mungu alisema mtoto atapona. Kama Mungu alikubali, basi nani ameingia katikati?» Wakatafuta, na macho yao yakamwangukia shangazi wa mtoto, mwanamke asiyezaa, aliyekaa katika lupango ile ile. Baada ya wiki mbili alifukuzwa. Neno letu, tulilolisema kwa dakika moja ili tupate njia ya kutoka, lilikuwa limemwondoa mtu nyumbani mwake.

Hapo tulikuwa na swali ambalo hatukujua kulipeleka wapi: mtu aseme nini mbele ya mgonjwa, ikiwa hajui kama atapona au atakufa?

Jibu lilianza kutufikia kwa njia tusiyoitazamia. Padri mmoja aliyetufundisha zamani alituazima kitabu juu ya Jamaa, chama kile cha Wakristu kilichoanzishwa Katanga na Padri Placide Tempels, Mfransisko. Kitabu kiliandikwa na Padri Willy De Craemer, Mjezuiti kutoka Ubelgiji, na kilitolewa mwaka 1977. Kilitupendeza, tukatafuta maandiko mengine ya Padri yule. Tukaona kwamba mara nyingi kando ya jina lake limeandikwa jina la mwanamke: Renée Fox. Tukauliza ni nani. Tukasoma, na kadiri tulivyosoma tuliona kwamba swali letu lilikuwa swali lake la maisha yote.

Renée Fox alizaliwa mjini New York mwaka 1928, katika jamaa ya Kiyahudi. Alipokuwa na miaka 17, mwanafunzi katika chuo cha wasichana kiitwacho Smith, alishikwa na polio, ugonjwa ule unaopoozesha viungo. Chanjo haikuwapo bado. Ilianza kutolewa Marekani mwaka 1955. Basi binti yule alijifunza mapema maana ya kulala kitandani, na watu wamesimama juu yako, na hakuna awezaye kukuambia kama utatembea tena. Alipona, akarudi masomoni, akamaliza mwaka 1949 kwa sifa kubwa. Kisha akaenda Harvard, akafundishwa na Talcott Parsons, bwana mkubwa wa elimu hiyo katika siku zile, akapata cheo cha dokta mwaka 1954.

Cheo hicho cha dokta hakikuwa cha kutibu. Elimu yake huitwa sosiolojia ya uganga. Sosiolojia ni elimu ya kuchungua namna watu wanavyoishi pamoja: desturi zao, vyeo vyao, matumaini na hofu zao. Mwenye sosiolojia ya uganga hapimi damu wala hatoi dawa. Anauliza maswali mengine. Mtu akiugua, wenzake wanamhesabuje? Mganga anafundishwaje hata awe mganga? Nani anapata dawa, nani anaikosa, na nani ameamua hivyo? Ni maswali ambayo kila mtu wa parokia amekwisha kujiuliza akiwa barazani mwa hospitali, ila hajui kwamba mtu anaweza kuyafanya kuwa kazi ya maisha yake.

Kazi ya kwanza ya Renée Fox ilikuwa mjini Boston, katika hospitali ya Peter Bent Brigham. Pale palikuwa na chumba cha wagonjwa wanaume, chenye vitanda 15. Wagonjwa walikuwa na magonjwa ya figo, ya moyo na mengine ambayo waganga wa siku zile hawakujua kuyashinda. Waganga 11 waliofanya kazi pale walikuwa na mizigo miwili kichwani. Upande mmoja waliwatibu wagonjwa. Upande mwingine waliwafanyia majaribio ya dawa mpya na ya upasuaji mpya, ili elimu isonge mbele. Mara nyingi walijua kwamba jaribio litasaidia wagonjwa wa kesho kuliko huyu wa leo. Katika hospitali ile ile, tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1954, waganga walifaulu kwa mara ya kwanza kutoa figo ya mtu na kuipandikiza ndani ya ndugu yake pacha, naye akaishi. Lakini kabla ya siku ile njema wengi walijaribiwa wakafa.

Msichana yule hakuwa na dawa ya kutoa wala upasuaji wa kufanya. Alikaa. Aliketi kando ya vitanda, akasikiliza, akaandika. Aliona kwamba wagonjwa na waganga walifanana kuliko walivyojua wenyewe. Wote wawili walikuwa mbele ya giza moja. Wote wawili walifanya mizaha juu ya kifo, mizaha ambayo mgeni angeona ni ukatili. Waganga waliwekeana dau: nani atakisia vema matokeo ya kipimo? Wagonjwa walijivuna kwamba wanasaidia elimu, wakapeana moyo kitanda kwa kitanda, na mmoja akifa wengine walijua kwamba zamu yao inakaribia. Renée Fox hakuwacheka wala hakuwahukumu. Alielewa kwamba mizaha ile ilikuwa namna ya kubeba mzigo usiobebeka. Mwaka 1959 alitoa kitabu juu ya chumba kile. Jina lake, kwa lugha yetu, lingekuwa Jaribio lenye Hatari.

Miaka miwili kabla ya kitabu hicho, mwaka 1957, alikuwa ametoa maandiko mengine, juu ya vijana wanaosomea uganga katika chuo cha Cornell. Hayo ndiyo yaliyotupiga moyoni. Watu hudhani kwamba kijana anakwenda chuoni ili apate kujua. Fox alionyesha kwamba anakwenda pia kujifunza kukaa na asilolijua. Tena alipambanua namna tatu za kutojua. Ya kwanza: mimi sijui, kwa sababu sijasoma vya kutosha. Ya pili: hakuna anayejua, kwa sababu elimu yenyewe haijafika huko. Ya tatu, nayo ndiyo inayosumbua kupita zote: siwezi kutambua kama ujinga huu ni wangu mimi, au ni wa elimu nzima. Kijana asiyefundishwa kubeba namna hizo tatu atafanya moja kati ya mawili: ama atajifanya anajua, ama atamkimbia mgonjwa.

Tuliposoma pale tuliweka kitabu chini. Sisi Alhamisi ile tulikuwa tumefanya yote mawili.

Tukamkumbuka pia mganga aliyepita bila kusema neno. Tulikuwa tumemlaumu moyoni: mtu gani huyu asiye na huruma! Sasa tulifikiri labda naye hakujua, na hakuna mtu aliyemfundisha namna ya kulisema neno hilo. Mwaka 1963 Fox, pamoja na Harold Lief, mganga wa magonjwa ya akili, aliandika juu ya jambo hili. Mganga akijizamisha mzima katika uchungu wa kila mgonjwa, mikono yake itatetemeka na hataweza kutibu. Akijitenga kabisa, atakuwa kama fundi anayetengeneza baiskeli. Lazima ajifunze kushika yote mawili: kujali, na kujizuia. Wanafunzi huanza kulijifunza siku wanapoingia kwa mara ya kwanza mahali pa kupasulia maiti, wanaponyamaza na kujikaza mbele ya mwili wa mtu aliyekuwa hai jana. Wengine hujikaza hivyo, na baadaye hawajui tena kujilegeza.

Sasa tufike kwetu Kongo, kwani Renée Fox alifika.

Alipita kwanza Ubelgiji. Mwaka 1959 alikwenda huko kuchungua kwa nini waganga watafiti wa nchi ile, watu wenye akili nyingi, walizuiliwa katika kazi yao. Aliona kwamba mambo mengi yaligawanywa kwa mafungu: Wakatoliki upande huu, wasio na dini upande ule; wenye kusema Kiflamandi huku, wenye kusema Kifaransa kule. Kila fungu lilitaka chuo chake, maabara yake, fedha zake. Aliyasema wazi katika gazeti la wataalamu mwaka 1962, na Wabelgiji wengi walishtuka kujiona katika kioo kile. Sisi Wakongo tukisoma habari ile tunatabasamu kidogo, kwa sababu mafungu yale tuliyajua: waliyaleta na kwetu, pamoja na shule zao.

Kutoka Ubelgiji alivutwa na mambo ya Kongo. Tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1960 nchi yetu ilipata uhuru, na siku ile hatukuwa na hata daktari mmoja Mkongo mwenye diploma kamili ya chuo kikuu. Mapadri tulikuwa nao kwa mamia, kwani seminari zilifunguliwa mapema. Chuo kikuu cha Lovanium kilianzishwa mwaka 1954 tu, na wanafunzi wake wa uganga hawakuwa wamemaliza bado. Waliokuwapo ni wasaidizi wa waganga, wanaume waliofundishwa miaka mingi, waliojua kupasua na kuzalisha na kutibu, lakini kila mmoja alikuwa chini ya daktari mzungu. Wazungu wengi walipokimbia, wasaidizi hao waliachiwa hospitali. Ndipo zaidi ya mia moja kati yao walipelekwa Ufaransa, kwa msaada wa shirika la afya la ulimwengu, wamalize masomo na kurudi wakiwa madaktari kamili.

Fox na Padri De Craemer, waliofanya kazi pamoja katika kituo cha uchunguzi wa sosiolojia mjini Léopoldville, walichungua safari ya watu hao. Kitabu chao kilitolewa mwaka 1968. Wasomaji wapenzi, hebu mfikirie: mtu wa makamo, mwenye mke na watoto, aliyezoea kuitwa «msaidizi», anaketi tena darasani kwa wageni, pamoja na vijana, ili arudi kwao na jina jipya. Nao watu wa kwao watamwamini? Fox hakuuliza tu wamepata diploma ngapi. Aliuliza namna gani mtu anakuwa mganga kweli, mbele yake mwenyewe na mbele ya watu wake.

Wala hakujifungia katika hospitali. Mwezi wa kwanza mwaka 1964 maasi ya Pierre Mulele yalianza katika nchi ya Kwilu. Mwaka uliofuata yeye na Padri De Craemer, pamoja na Jean-Marie Ribeaucourt, walitoa maandiko juu ya maasi yale, wakiyaita «uhuru wa pili», kama watu wenyewe walivyosema. Watu wa vijiji walikuwa wameahidiwa kwamba uhuru ukija, taabu zitakwisha. Uhuru ulikuja, taabu zikabaki. Basi wakasema uhuru wa kwanza umeibwa, na lazima wapatikane wezi wake. Tulisoma na tukatetemeka, kwani tuliona mfano mkubwa wa kosa letu dogo. Anayeahidi asichokijua hapotezi heshima yake tu. Ahadi ikivunjika, watu hutafuta nani wa kulipa.

Mwaka 1976 Fox na De Craemer, pamoja na Jan Vansina, mtaalamu wa historia ya Afrika, waliandika juu ya dini na vyama vya dini katika Afrika ya Kati. Walionyesha kwamba tangu zamani watu wa nchi zetu wanatamani uzima, uzazi na amani. Na vikikosekana, hawaamini kwamba vimekosekana bure. Ugonjwa, utasa, kifo cha mtoto: nyuma yake huonekana chuki ya mtu. Chama kipya kikija, huja na ahadi ya kuondoa ubaya huo, na watu hukipokea kwa furaha. Katika habari hiyo tulimwona yule shangazi aliyefukuzwa. Wazee wale hawakuwa watu wabaya. Walifuata njia ya zamani ya kutafuta maana ya msiba, na sisi, tuliosoma seminarini, tuliwafungulia mlango.

Baada ya miaka ile ya Kongo, Renée Fox alirudi kwao. Alikuwa amefundisha Barnard, chuo cha wanawake mjini New York. Mwaka 1969 akaingia chuo kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Akafundisha huko mpaka mwaka 1998, na katika miaka ya 1970 akawa mkuu wa idara yake ya sosiolojia.

Katika miaka hiyo alirudi kwenye habari ya viungo vinavyopandikizwa, pamoja na Judith Swazey, mtaalamu wa historia ya uganga. Mwaka 1974 walitoa kitabu juu ya upandikizaji wa moyo na figo, na juu ya mashine inayosafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimekufa. Mwanzoni mashine zilikuwa chache mno. Mjini Seattle, katika miaka ya 1960, kamati ya raia ilikaa mezani kuamua nani atawekwa kwenye mashine na nani ataachwa afe. Walitazama nini? Kazi ya mtu, watoto wake, hata kama anasali kanisani. Tunajua kwamba hata leo kwetu wapo wengi wasioifikia mashine hiyo, na hakuna kamati inayokaa: umaskini ndio unaochagua. Tena si mashine tu. Wapo wanaoshindwa hata kununua fishi ya kumwona mganga, na wapo waliopona wakazuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni.

Juu ya deni, Fox na Swazey walisema neno la kufikirisha. Aliyepewa figo ya ndugu yake amepewa zawadi isiyolipika. Furaha yake ina mzigo ndani: atalipa nini? Na aliyetoa, au jamaa ya aliyekufa, pengine anaona kwamba sasa ana haki juu ya maisha ya yule aliyepokea. Waliita jambo hilo udhalimu wa zawadi. Sisi Wakongo tunaijua zawadi ya namna hiyo. Mjomba aliyelipa shule ya mtoto husema miaka ishirini baadaye: «Huyu ni mimi niliyemsomesha.» Ndiyo maana Mkristu afundishwe kutoa damu yake hospitalini kisha anyamaze, kama Bwana wetu alivyotuagiza juu ya mkono wa kuume na mkono wa kushoto.

Mwaka 1992 wanawake wale wawili walitoa kitabu cha pili juu ya viungo, jina lake kama kusema Vipuri, kana kwamba mwili wa mtu ni gari. Mwishoni mwake walitangaza kwamba wanaacha uchunguzi ule. Hawakuwa wamechoka tu. Walisema kwamba wamechukizwa na bidii isiyokubali mwisho, bidii ya kubadilisha kiungo baada ya kiungo kwa gharama yoyote, kana kwamba kifo ni kosa la mafundi, wakati ambapo watu wengi hawapati hata matunzo ya kawaida. Ni jambo gumu kwa mwenye elimu kuacha shamba lililompa jina. Aliliacha.

Wala hakukaa bure. Katika uzee wake alifuatana na waganga wa shirika la Waganga Wasio na Mipaka, akawachungua, pia katika kazi yao ya kuwatibu wagonjwa wa sida huko Afrika ya Kusini. Alitoa kitabu juu yao mwaka 2014, naye alikuwa na miaka 86. Alikufa mwezi wa tisa mwaka 2020, mwenye miaka 92.

Hayo ndiyo maisha ya mwalimu huyu. Hakumponya mgonjwa hata mmoja. Lakini kwa zaidi ya miaka sitini aliketi pale ambapo wengine walipita, akatazama sana, na hakusema kitu asichokijua.

Sasa tumalize habari yetu. Tulipokwisha kusoma hatukuweza kutulia. Tulikwenda kwa Padri mkuu, tukamweleza yote. Akasema: «Kosa la siri huungamwa kwa siri. Hili lako lilisemwa mbele ya watu.» Basi Jumapili moja baada ya Misa tuliomba jamaa ile ikusanyike. Wazee walikuja, baba wa mtoto alikuja, mama aliketi mlangoni. Tukasema: «Siku ile tulisema mtoto atapona. Mungu hakutuambia. Mganga hakutuambia. Hatukujua, tukasema kwa sababu ya woga. Mtoto alikufa kwa malaria na kwa kukosa damu mapema. Hakuna mtu aliyeingia katikati. Kama mnatafuta mwenye hatia ya uongo, ni sisi.»

Wakanyamaza muda mrefu. Mzee mmoja aliondoka bila kuaga. Wengine waliuliza maswali, tukajibu tulipoweza, na tulipokuwa hatujui tulisema hatujui. Hatutawadanganya kwamba mambo yalinyooka siku ile. Shangazi alirudi katika lupango baada ya miezi mitatu, na wapo mpaka leo wasiokula chakula cha mkono wake. Heshima yetu katika shirika lile ilipungua, na ni haki.

Wakati wa kuondoka mama alitusindikiza mpaka njiani. Tulingoja atulaumu. Akasema: «Mwalimu, mimi sikuhitaji unijibu. Siku ile ungekaa tu.»

Tangu siku ile tunakaa. Mgonjwa au ndugu yake akituuliza kama atapona, tunajibu: «Hatujui, lakini hatuendi bado.» Tumejifunza pia kumwendea mganga au sista na kumwomba kwa adabu: «Mama huyu anataka kujua. Tafadhali mwambie unachojua, na usichokijua.» Mara nyingi anakubali, na mara nyingine tunaona naye amepata pumziko.

Wapenzi wasomaji, ninyi wa Legio, ninyi wa Caritas, ninyi mnaochukua Komunyo kwa wagonjwa, tushike mambo matatu. Kwanza, tusimwekee Mungu maneno kinywani. Tuombe uponyaji kwa moyo wote, lakini kuomba si kuahidi. Siku hizi katika miji yetu wengi hutangaza muujiza kwa kipaza sauti; tusishindane nao. Pili, mtu akifa, tusimtafute mchawi. Tuulize kama chandarua kilikuwapo, kama damu ilipatikana, kama fedha zilikosekana, na tusaidiane katika hayo. Tatu, tusiondoke upesi.

Rafiki za Yobu walifanya vema siku saba, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walikosa walipoanza kueleza. Naye Mama Maria alisimama karibu na msalaba wa Mwanawe, na Evanjili haituandikii neno hata moja alilolisema pale. Alikuwapo. Atuombee nasi tujue kuwapo.